Mchungaji anatulipia ada, na mwanangu hataki tena kwenda mazoezi

"Naomba msaada, na jina langu lisitajwe. Mwanangu wa kiume ana miaka 12, yuko darasa la sita shule ya kulipia. Tunasali kanisa la kilokole hapa mtaani. Mchungaji msaidizi anayesimamia watoto na vijana alimpenda mwanangu tangu mwaka jana, akawa anamfundisha kinanda Jumamosi jioni. Baba yake ni dereva wa malori, kwa mwezi tunamwona siku mbili tatu, kwa hiyo nilifurahi kupata mtu wa kumwongoza. Mchungaji ametulipia ada ya mihula miwili, amemnunulia viatu na simu, na mimi mwenyewe amenitumia hela ya LUKU mara nyingi tu. Kambi ya Pasaka mwanangu alilala naye chumba kimoja, nikaambiwa magodoro yalikuwa machache. Tangu hapo amebadilika. Anakojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitano. Jumamosi ikifika tumbo linamuuma. Ile simu anaificha, nikiigusa anakuwa mkali. Hajasema lolote. Baba yake ameniambia nisiwaletee laana kwa kumsingizia mtumishi wa Mungu. Mzee wa kanisa anasema nimfuate mchungaji mwenyewe tuongee, tuombe, yaishe. Mimi nilijua mambo haya ni ya mapadri kwa sababu hawaoi, lakini huyu ana mke na watoto wawili. Halafu mwanangu ni wa kiume. Je, nawaza vibaya? Nikimuuliza sitamtia mawazo? Na kama si kweli?"

Dada yangu, pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale kwenye magodoro ya kambi ya Pasaka.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililokufunga miguu. Mimi sijui kilichotokea ndani ya chumba kile. Wewe pia hujui. Lakini yapo mawili tunayoyajua bila kumuuliza mtu: mtu mzima alilala chumba kimoja na mtoto asiye wake, na mtoto huyo ana simu aliyopewa na mtu huyohuyo ambayo mama yake hawezi kuishika. Hayo yanatosha kumsimamisha mtoto mazoezi. Ushahidi unahitajika pale unapotaka mtu afungwe. Ili mwanao abaki nyumbani Jumamosi, huhitaji ushahidi wowote. Kwa hiyo usisubiri ujue ukweli wote ndipo umkinge. Mkinge kwanza, ukweli utatafutwa na watu waliosomea kuutafuta.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nina miaka 17 kwenye kazi hii, na mingi kati yake nimekaa kwenye kitengo cha hospitali kinachopokea watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono. Jumapili niko kwaya, sauti ya pili. Nakutajia hilo usije ukadhani nina ugomvi na kanisa.

Hili la kwamba ni mambo ya mapadri wasiooa nalisikia sana, hasa kutoka kwa sisi Waprotestanti, na linatugharimu. Wakatoliki wametajwa mno kwa sababu kanisa lao ni moja, lina mafaili, na mafaili hayo yalifunguliwa. Gazeti la Boston Globe lilipofichua mwaka 2002 jinsi mapadri waliotuhumiwa walivyokuwa wakihamishwa parokia hadi parokia, maaskofu wa Marekani waliagiza uchunguzi. Ripoti ya mwaka 2004 ilikuta mapadri 4,392 walioshutumiwa kati ya mwaka 1950 na 2002, kama asilimia 4 ya mapadri wote waliohudumu miaka hiyo. Ni wengi, tena kupita kiasi. Lakini kama useja ndio chanzo, mbona asilimia 96 walioishi useja uleule hawakushutumiwa? Na mwaka 2022, hukohuko Marekani, Wabaptisti wa Kusini ambao wachungaji wao huoa walikutwa na orodha ya watu zaidi ya 700 waliotuhumiwa unyanyasaji wa kingono, iliyokuwa imetunzwa kimyakimya ofisini kwa miaka. Mwanaume anayekosa mke hutafuta mwanamke. Anayemwendea mtoto anatafuta kitu kingine: mtu asiye na nguvu ya kukataa wala ulimi wa kusema. Ndoa haimtibu mtu wa namna hiyo. Inampa kificho.

Kuhusu mwanao kuwa wa kiume: utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hesabu wavulana wa kwaya yenu. Sisemi yote yalitokea kanisani. Mengi hutokea nyumbani, njiani na shuleni. Nasema tu kwamba suruali si ngao. Kwenye ile ripoti ya mapadri wa Marekani waathirika wengi walikuwa wavulana, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la miaka 11 hadi 14.

Sasa nikueleze inavyofanyika, maana ukiielewa utapunguza kujilaumu. Mtu anayetaka kumpata mtoto kwa muda mrefu hamnyatii gizani. Anapiga hodi, anakaribishwa chai. Anaanza na mzazi. Anaitazama nyumba na kuona pengo liko wapi: baba yuko njiani na lori, mama amebanwa na ada, mtoto ana kiu ya kusifiwa. Kisha analiziba pengo lile kwa mikono yake mwenyewe, mpaka siku mama anapohisi kitu, anajikuta hawezi kuuliza. Utamuulizaje mtu aliyekuwekea umeme jana usiku? Kanisa zima nalo linapitia mlango huohuo. Ndiye anayefunga siku nyingi kuliko wote, ndiye anayebeba viti, ndiye anayekesha na wagonjwa. Mtoto akija kufungua kinywa, atakutana na waumini mia tatu wanaosema, "Yule? Haiwezekani." Mtoto analijua hilo kabla hajasema.

Huku kwa mtoto mwenyewe mambo huenda taratibu. Mkono begani, mzaha kidogo, soda ambayo "mama asijue", video kwenye simu ambayo "ni ya wanaume". Ni siri ndogondogo, na kila moja inamfanya mtoto ajione mshirika. Siku siri kubwa inapofika, tayari ana tano mfukoni, na anajua akitoa moja zote zitamwagika. Halafu kanisani kuna kitu ambacho mjomba au jirani hana: Mungu. Mtu huyu akinyoosha mkono watu wanaanguka. Akimwambia mtoto kwamba hili ni la kiroho, au kwamba akisema ada itakatika na mama atapata shida, mtoto wa miaka 12 atampinga kwa lipi?

Kuna jambo jingine ambalo wavulana huja kulisema wakiwa na miaka thelathini, tena wakiangalia sakafu. Mwili wa mvulana ukiguswa huweza kuitikia, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Kuitikia si kukubali. Lakini yeye hajui. Anadhani alitaka, na anaogopa akisema ataitwa jina lile wanalotaniana shuleni. Wengine mwili unaganda kabisa, hawapigi kelele wala kukimbia. Ndiyo maana swali la "mbona hukupiga kelele?" lisitoke mdomoni mwako hata siku moja.

Nimkumbuke mtoto mmoja. Alikuwa na miaka kumi, kanisa sitalitaja. Kila Jumamosi alikwenda mazoezi amevaa pensi mbili, moja juu ya nyingine, joto la Desemba likiwaka. Mama yake alimgombeza kwa kuongeza mafurushi ya kufua, wenzake wakamcheka. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia kanisa ndiye aliyemuuliza kwa upole, "Mbona pensi mbili, mjukuu wangu?" Akajibu, "Ili ichelewe." Bibi aliweka ufagio chini akamshika mkono wakaja kwetu. Hakumwita mchungaji, hakuitisha maombi kwanza. Miaka yote hii bado namhesabu bibi yule kuwa mtaalamu kuliko mimi.

Pensi mbili, tumbo la Jumamosi, kitanda kilicholowa: dalili ni dalili, si hukumu. Mtoto wa miaka 12 anayeanza tena kukojoa kitandani anaweza kuwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo au kisukari, anaweza kuwa anaonewa na wakubwa shuleni, au anateseka tu kwa kumkosa baba. Inawezekana kabisa pia kwamba pale mazoezini anayemsumbua si mchungaji bali kijana mkubwa wa kwaya. Tumewaona wengi wa namna hiyo. Kwa hiyo mpeleke hospitali apimwe mkojo na sukari. Ila mimi ninachokiangalia ni mambo kukaa pamoja: mabadiliko yalianza baada ya kambi, maumivu yanakuja siku ya mazoezi, simu imekuwa kaa la moto. Mkusanyiko huo usiupuuze.

Uliuliza kama utamtia mawazo. Kuna namna ya kuuliza inayotia mawazo, na kuna inayofungua mlango. Usimuulize, "Mchungaji alikushika?" Hilo ni swali lenye jibu ndani yake, na mahakamani baadaye wakili atalishikilia. Tafuta kazi ya mikono mnayoweza kuifanya wawili, kuchambua mchele au kuosha vyombo, ambapo hamtazamani usoni. Sema ulichokiona, kisha nyamaza: "Nimeona Jumamosi tumbo linakuuma. Nieleze siku ya mazoezi huwa inakuwaje, tangu unapofika." Au, "Nisimulie ya kambini." Halafu umpe muda. Kimya cha dakika tano ni kirefu, najua, kivumilie. Na hata asiposema, mwambie jambo moja na ulirudie siku nyingine: "Hakuna kitu unachoweza kuniambia kikanifanya nikukasirikie. Hata kama uliambiwa ni siri. Hata kama ni mtu mkubwa." Watoto wengi husema kidogo, wanakutazama uso, wanarudi nyuma. Uso wako ndio mtihani wao.

Akisema, msikilize mpaka mwisho. Usilie mbele yake, usipige kelele, usikimbilie simu. Mwambie unamwamini na hakukosea. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utalazimika kumwambia mtu. Akilala, chukua daftari uandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha yake, na tarehe. Usimhoji tena kesho na keshokutwa, wala usimwite shangazi aje amsikie. Kila kusimulia upya kunamuumiza na kunabadilisha maneno. Na tafadhali usiende kumkabili mtuhumiwa.

Kama ni tukio la siku chache zilizopita, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndani ya hizo ndiyo bora. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe, ziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha, nailoni huziozesha. Kama ni jambo la miezi kama hili la Pasaka, bado mpeleke: kuna vipimo, kuna magonjwa ya kutibiwa, na kuna moyo wa mtoto. Daktari akikwambia haoni jeraha, usirudi nyumbani ukiamini hakuna kilichotokea. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili huu hukutwa na mwili mzima kabisa, kwa sababu aina nyingi za ukatili haziachi alama na zile zinazoacha hupona haraka.

Njia zenyewe ni hizi. Polisi nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto, ndiko utakakopewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuwa mahali pamoja na mtoto hazungushwi; ulizia kama hospitali ya mkoa wenu inacho. Mtoto akiwa ameumia, anza na hospitali. Kama miguu inakuwa mizito kufika polisi, anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, namba ya simu kwa mtoto, haina malipo, na unaweza kuuliza tu bila kufungua shauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa wake. Angalia neno lile: taarifa. Kuchunguza si kazi yako.

Watu wanauliza, neno la mtoto litasimamaje mbele ya neno la mchungaji? Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyefanyiwa kosa la kingono peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtoto mdogo halazimiki hata kuapa. Anaahidi tu kusema kweli na si uongo. Kumlawiti mtu aliye chini ya miaka 18 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kumshikashika mtoto kingono nako ni jinai, hata kama hakuna kilichoendelea zaidi. Na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilimtaja kiongozi wa dini kwa cheo chake, kwamba akitumia nafasi yake kubaka, cheo hicho ni sehemu ya kosa. Waliotunga sheria ile walijua wanachokiona.

Nije kwa mzee wa kanisa. Naamini anakutakia mema, lakini ushauri wake usiufuate. Huwa wanasoma Mathayo 18, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Maneno hayo ni ya ndugu wawili waliokosana, mmoja anaweza kumtazama mwenzake machoni. Mtoto na mtu anayemlipia ada si ndugu wawili wa namna hiyo. Na fikiria kitakachotokea ukienda: kama hana kosa, umemuumiza bila utaratibu, kama analo, umempa usiku mzima wa kufuta meseji, kuzungumza na mwanao kabla yako, na kuwaandaa wazee. Kwa vyovyote hupati kitu. Zaidi ya hapo, kosa la jinai halimalizwi kwa maombi wala kwa bahasha. Kesi ikifika mahakamani inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Haiitwi mama fulani dhidi ya mchungaji, na wazee hawana mamlaka ya kuifuta.

Na ile laana ya baba yake. Mstari unaotumika ni wa Zaburi 105, "Msiwaguse masihi wangu." Fungua usome kuanzia mistari mitatu ya nyuma. Masihi wanaosemwa pale ni Ibrahimu na uzao wake walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa, na wanaokemewa kwa ajili yao ni wafalme. Ni zaburi ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Ukiisoma yote, katika nyumba yenu anayefanana na masihi yule ni mtoto wa darasa la sita.

Nikuonyeshe "tuongee, yaishe" inavyoishia, tena kwa kisa kilichofika Afrika. Uingereza kulikuwa na wakili mmoja maarufu, John Smyth. Hakuwa mchungaji, alikuwa mlei, mwenye mke na watoto, kiongozi wa kambi za Kikristo za wavulana. Aliwachapa vijana kikatili kwenye kibanda cha bustani nyumbani kwake, akiwaambia ni njia ya utakatifu. Mwaka 1982 viongozi wa huduma ile waliandikiwa ripoti ya siri yenye maelezo yote. Hawakwenda polisi. Waliona aibu itaharibu kazi ya Bwana. Smyth akaondoka, na mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine za wavulana. Yakawa yaleyale. Baadaye akaenda Afrika Kusini, akafia huko mwaka 2018 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Ripoti huru iliyotoka Novemba 2024 ilikadiria kwamba wavulana na vijana zaidi ya 100 waliumizwa, wengi wao wa Afrika, na siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, kiongozi wa Kanisa la Uingereza la Kianglikana, akatangaza kujiuzulu kwa sababu naye alipata habari mwaka 2013 na hazikufuatiliwa ipasavyo. Kila mtoto aliyeumia baada ya 1982 aliumia kwa sababu watu wacha Mungu waliamua kulimaliza kwa upole.

Kwa wasomaji wangu Wakatoliki, tangu mwaka 2019 Papa Fransisko aliwawajibisha mapadri na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa wanaposikia jambo kama hili, na mwaka huohuo akaiondoa siri ya kipapa, yaani kanuni ya usiri mkali wa Kanisa, kwenye mashauri haya. Taarifa ya kwa askofu haichukui nafasi ya polisi. Peleka zote mbili.

Utaniuliza: na kama ni mtu mwema tu? Wapo, tena wengi. Mimi mwenyewe nililipiwa kidato cha tano na mchungaji. Tofauti huonekana unapoweka mpaka. Mwambie, bila kumtuhumu, kwamba mtoto hatakuja tena peke yake, kwamba simu umeichukua wewe, na kwamba msaada wa ada, kama upo, uende benki kwenye akaunti ya shule. Mtu mwema atasema sawa mama, na pengine ataona aibu kidogo kwa lile la kambi. Mwingine atakasirika, atakuhubiria kuhusu kukosa shukrani, atamfuata mtoto shuleni kumuuliza umesema nini. Hilo nalo liandike kwenye daftari. Lakini jaribio hili ni la wakati mtoto hajasema kitu. Akishasema, hakuna jaribio, ni polisi.

Kuhusu ada, ninajua ndiyo inayokuamsha usiku. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujafunguliwa, uombe kulipa kidogokidogo. Ikishindikana, shule ya serikali ipo na haina ada. Mwanao anaweza kuhama shule akaja kuwa mtu mzima wa kawaida kabisa. Mume wako usibishane naye kwenye simu akiwa barabarani. Akirudi, mpe daftari asome mwenyewe, tarehe kwa tarehe. Wanaume wengi hukasirika kwa sababu wameogopa, na nimeona baba aliyetukana asubuhi akaketi benchi la polisi na mwanawe jioni.

Kanisa lenu nalo lina kazi, hata kama mchungaji huyu atakutwa hana doa. Watoto wasifundishwe na mtu mzima mmoja chumba kikiwa kimefungwa. Wawe watu wazima wawili, au mlango uwe wazi na dirisha lisiwe na pazia. Kambini, magodoro yakiwa machache, watoto wabanane wenyewe kwa wenyewe huku walezi wawili wakilala mahali wanapoonana. Meseji za mazoezi ziende kwenye kundi ambalo wazazi wamo. Maombi ya faragha ya mtoto na mtumishi yasiwepo kabisa. Mungu anasikia hata mama akiwa amekaa pembeni. Na kabla ya kumpa mtu watoto, pigeni simu alikotoka. Ushuhuda mzuri madhabahuni hautoshi. Mtu aliyewahi kumuumiza mtoto akitubu, msameheni kama mnavyoamini, na funguo za chumba cha watoto msimrudishie. Mambo haya usiyapeleke wewe sasa hivi, una vita yako. Mwache mama mwingine aliyesoma hapa ayafikishe kwenye kikao chao.

Jambo moja la tahadhari. Usimwandike mchungaji kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, hata ukiwa na uchungu kiasi gani. Kutoa taarifa kwa mamlaka kwa nia njema kuna kinga; kumwanika mtandaoni kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na mwanao atakuwa ametambulishwa kwa mtaa mzima.

Leo ni Jumatano. Simu ile ichukue leo, izime, usifute kitu wala kupekua sana, iweke mahali unapopajua wewe. Ikihitajika polisi wataifungua. Kesho piga 116 ukiwa peke yako, uwasomee ulichoniandikia mimi. Jumamosi mwambie mwanao mapema asubuhi, kabla tumbo halijaanza, kwamba mazoezi hakuna. Usimpe sababu ndefu. Kisha mtazame anavyokunywa chai.